Jengo la moduli kando ya bahari: inama kwanza, ndipo utazame ukuta

Wewe unayeanza kazi ya kusimika majengo ya moduli, yaani vipande vya jengo vinavyoundwa kiwandani na kuunganishwa mahali pa kazi, ufukweni au kwenye majukwaa ya baharini, usidanganywe na ukuta wa mbele. Ukuta huo huoshwa na mvua. Inama uchungulie chini ya sakafu, chini ya upenu, na pale moduli mbili zinapokutana. Mvua haifiki huko, chumvi hujikusanya, na kwa kuwa chumvi hufyonza unyevu wa hewani, chuma hubaki kibichi hata jua likiwaka. Majengo niliyoyaona yakiliwa na kutu yalianzia huko, na rangi ya mbele bado inang'aa.

Kwa hiyo mengi huamuliwa kiwandani, kabla moduli haijapakiwa. Mkataba ukisema tu "rangi ya kuzuia kutu", urudishe. Utaje daraja la mazingira: ISO 12944, kiwango cha kimataifa cha kukinga chuma kwa rangi, huyapanga kuanzia C1, yaliyo tulivu zaidi, hadi C5, yaliyo makali sana, na marekebisho ya 2017 na 2018 yaliongeza CX kwa mazingira makali kupindukia, kama ya miundo ya baharini. Kisha uliza chuma kilisafishwa vipi. Kupiga mchanga hadi Sa 2½, yaani mpaka karibu kutu na rangi yote ya zamani iondoke, ndiyo kawaida kwa kazi hii. Kingo na mishono ya kulehemu ipakwe kwanza kwa brashi, peke yake, maana rangi hukimbia ncha kali na kubaki nyembamba mno. Hili simamia mwenyewe, kwa macho yako. Fundi mwenye haraka huliruka, na hakuna atakayejua mpaka kutu itokeze.

Metali nazo zina ugomvi wao. Boliti iliyopakwa zinki ikigusana na bamba kubwa la chuma cha pua (stainless steel) penye unyevu wa chumvi italiwa upesi, kwa sababu metali inayoliwa kirahisi ni ndogo na ile isiyoliwa kirahisi ni kubwa. Zitenganishe kwa washa za nailoni. Na chuma cha pua chenyewe si kimoja: aina ya 304 hupata madoa na vishimo kwenye hewa ya chumvi, aina ya 316 huvumilia zaidi kwa sababu ina molibdenamu, asilimia 2 hadi 3.

Kuna wanaonunua makontena ya meli wakiamini chuma chake hujilinda kwa kutu yake. Hujilinda penye hewa safi. Penye chumvi ile kutu haitulii, inaendelea kula.

Upepo: moduli ni nyepesi, ifungwe isinyanyuke. Mhandisi akupe hesabu.

Moduli ikifika, minyororo na kreni zitakuwa zimeikwaruza. Usikimbilie brashi. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kwangua, ndipo upake rangi ya mfumo uleule. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta maji na kuifanya itoe malengelenge. Baada ya makabidhiano, mwachie mwenye jengo ratiba ya kuosha zile sehemu zisizofikiwa na mvua, pamoja na mashine za nje za viyoyozi, ambazo mapezi yake ya aluminiamu huoza mapema.