Kwa nini Mfalme Tribhuvan wa Nepal hakuwa na amri

Umeuliza kwa nini Tribhuvan hakutawala ilhali alirithi kiti 1911. Kwanza, alikuwa na miaka 5 tu. Kubwa zaidi, tangu mauaji ya Kot ya 1846, ambapo wakuu wengi wa nchi waliuawa kasrini Kathmandu, jeshi na hazina vilishikwa na ukoo wa Rana, na uwaziri mkuu ukawa urithi wao. Mfalme aliheshimiwa kama umbile la Vishnu, mungu wa Kihindu, lakini alichungwa kasrini kama mfungwa.

Mambo yaligeuka tarehe 6 Novemba 1950. Alitoka na familia yake kwa kisingizio cha matembezi, magari yakakunja kona na kuingia ubalozi wa India. Waziri Mkuu Mohan Shumsher, wa ukoo wa Rana, akamtawaza chapuchapu mjukuu wa mfalme aliyeachwa nyuma, Gyanendra, mtoto wa miaka 3! India ikakataa kumtambua, mpango ukakwama hapo.

Tribhuvan, aliyekuwa amekwenda India, alirudi Kathmandu Februari 1951, na tarehe 18 mwisho wa utawala wa Rana ukatangazwa. Ila wengi hukosea hapa: Mohan hakung'oka siku hiyo, aliongoza serikali ya mseto hadi Novemba. Tribhuvan alifariki Zürich, Machi 1955.