Gobbledygook ni nini, na neno hili lilitoka wapi?

Mkuu uliyeuliza maana ya "gobbledygook" baada ya bosi wako kukuandikia kwamba ripoti yako imejaa hiyo kitu: hajasema umekosea Kiingereza. Neno hilo linahusu maandishi ambayo kila neno lake lipo kwenye kamusi, sarufi imenyooka, lakini ukimaliza kusoma hujui umeambiwa nini. Lugha ya kitaalamu ni jambo jingine, maana daktari akimwandikia daktari mwenzake wanaelewana vizuri tu.

Mimi natafsiri nyaraka za miradi, kwa hiyo hii kitu nakutana nayo kila wiki. Kuna kikao cha kijiji nilichohudhuria, ofisa mmoja akawa anasoma waraka wa mradi wa maji: "kuimarisha mchakato wa ushirikishwaji wa wadau katika utekelezaji wa afua za uwezeshaji". Mzee mmoja akamkatiza kwa upole, "Mwanangu, maji yanakuja lini?" Jibu lilikuwemo, ukurasa wa mwisho kabisa: kisima kitachimbwa masika yakiisha. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijaisahau, maana wale watu walikuwa wameacha mashamba yao kuja kusikiliza.

Sasa asili yake. Maneno mengi ya mtaani hayana baba anayejulikana, hili analo. Ni Maury Maverick wa Texas, aliyewahi kuwa mbunge kule Marekani na meya wa San Antonio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza Smaller War Plants Corporation, shirika la serikali lililosaidia viwanda vidogo kupata kazi za vita. Alichoshwa na barua na vikao vya maneno mazito, na mwezi Machi 1944 akawaandikia wafanyakazi wake waraka wa kupiga marufuku lugha ya "gobbledygook". Aliwataka waandike kwa kifupi na waseme wanachozungumzia. Akaongeza kwamba atakayetumia maneno "activation" au "implementation" atapigwa risasi! Hilo la pili ndilo "utekelezaji" wetu.

Alipoulizwa kalitoa wapi, alisema huenda alimkumbuka dume la bata mzinga kule kwao, mwenye ndevu, anayelialia huku akijivimbisha na kutembea kwa maringo, na kilio chake kinaishia na mguno kama "guk". Ukishawahi kufuga bata mzinga utaona jinsi alivyopatia.

Ukoo huo una bahati na maneno. Babu yake, Samuel Maverick, hakuwa na desturi ya kupiga ng'ombe wake chapa, na ng'ombe asiye na chapa akaja kuitwa "maverick". Leo ndivyo anavyoitwa mtu asiyefuata mkumbo.

Rudi kwenye ripoti yako. Chukua kila sentensi uiulize: nani atafanya nini, lini, kwa pesa ngapi? Isiyojibu hata moja, ifute. Na ukiliona limeandikwa "gobbledegook", usihangaike, ni lile lile. Ni neno la mazungumzo, si tusi, ila ukimwambia mtu kwamba maandishi yake ni "gobbledygook" ujue umemkosoa vikali.