Kaacha ziwa, choo kimekuwa kigumu: je, tatizo ni maziwa ya ng'ombe?

SWALI: Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Nilimwachisha ziwa ghafla wiki mbili zilizopita, na sasa anakunywa chupa nne za maziwa ya ng'ombe kwa siku, kila moja ya mililita 250. Chakula anaonja tu. Tumbo linajaa gesi, choo anapata baada ya siku tatu au nne, tena kigumu kama cha mbuzi, na jana niliona mstari wa damu nyekundu juu yake. Nimeambiwa ni laktosi inayomsumbua, kwa hiyo nimpe maziwa ya mbuzi au niyapunguze makali kwa maji. Nifanyeje?

JIBU: Mama, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kwa maelezo yako, kinachomsumbua mtoto ni wingi wa maziwa, na haraka iliyotumika kumhamisha.

Tuanze na laktosi, maana ndiyo inayosingiziwa zaidi. Hiyo ni sukari ya asili ya maziwa, na maziwa yako yalikuwa nayo nyingi kuliko ya ng'ombe: karibu gramu 7 katika kila mililita 100, wakati ya ng'ombe hayafiki gramu 5. Mtoto aliyenyonya mwaka mzima bila tabu ameshaonyesha kwamba utumbo wake unaimudu. Isitoshe, laktosi isiyosagwa huleta kuharisha majimaji yanayounguza makalio, na choo cha mwanao ni kigumu. Hali hiyo ya kutosaga laktosi huweza kujitokeza kwa muda baada ya mtoto kuugua kuhara, kwa sababu utando wa utumbo umejeruhiwa, kisha hupita ndani ya wiki chache.

Tofauti kubwa iko kwenye protini. Maziwa ya mama yana takriban gramu 1 kwa mililita 100, ya ng'ombe yana zaidi ya 3, na sehemu kubwa yake ni kesini, ambayo huganda tumboni kuwa mabonge mazito yanayochelewa kusagika. Watoto wengi waliotimiza mwaka huizoea. Lakini lita moja kwa siku! Hiyo ina zaidi ya kilokalori 600, na mtoto wa umri huo anahitaji kama 900 tu kwa siku nzima. Ndiyo maana anaonja chakula na kukiacha: ameshashiba. Na maziwa hayana nyuzinyuzi hata chembe, basi utumbo unakosa cha kulainisha na kusukuma choo. Akiendelea hivi kwa miezi, anaweza kuingia pia kwenye upungufu wa damu, kwani maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana na kalsiamu yake huzuia yale ya kwenye chakula yasifyonzwe vizuri.

Damu nyekundu iliyo juu ya choo kigumu, mtoto akilia anapokitoa, mara nyingi hutokana na mpasuko mdogo kwenye njia ya haja kubwa. Hata hivyo, mhudumu wa afya auangalie. Ubaya wa mpasuko ni kwamba mtoto akishaumia huanza kubana. Choo kikikaa, utumbo unaendelea kukifyonza maji, nacho kinazidi kuwa kikubwa na kikavu. Ukimwona amekakamaa, amekaza miguu au amesimama kwa vidole huku uso umemwiva, wengi hudhani anasukuma, kumbe anazuia.

Cha kufanya: ondoa chupa moja kila baada ya siku mbili hadi abaki na mililita 350 hadi 500 kwa siku, na mtindi usiotiwa sukari uuhesabu humo humo. Mpe chakula kwanza, maziwa baadaye, na ayanywe kwa kikombe, kwa sababu kwa chupa mtoto hunywa mengi bila kujua ameshiba na humeza hewa, ambayo ni chanzo kimoja cha hiyo gesi. Katikati ya milo mpe maji safi mara kwa mara. Katika kila mlo kuwe na tunda laini au mboga, pamoja na maharage au dengu zilizopondwa. Maziwa yasiwe yaliyopunguzwa mafuta, mtoto wa chini ya miaka miwili anayahitaji mafuta hayo. Kuyaongeza maziwa maji hakulainishi choo, kunapunguza lishe tu.

Wiki ikipita choo hakijalainika, daktari anaweza kumwandikia dawa ya kulainisha, kwa mfano laktulosi, na ni lazima itumike kwa muda atakaosema. Kosa la kawaida ni kuiacha siku choo kinapotoka vizuri. Mzunguko huanza upya. Usimtie kipande cha sabuni, usimpige bomba, wala usimpe dawa ya kuendesha ya watu wazima.

Maziwa ya mbuzi hayatatui chochote hapa. Hata kama angekuwa na mzio, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na yana foleti (vitamini inayosaidia kutengeneza damu) kidogo. Mzio wa kweli huonekana kwa vipele vinavyowasha, kutapika au kuvimba midomo ndani ya dakika chache hadi saa mbili, au polepole zaidi kwa choo chenye ute na damu iliyochanganyika ndani. Hapo simamisha maziwa umwone daktari. Akivimba uso au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali. Vilevile usingoje kesho akitapika nyongo ya kijani, tumbo likivimba na kuwa gumu, damu ikiwa nyingi, au akipata homa na kulegea.

Kwa wasomaji ambao watoto wao wameharisha baada ya kuacha ziwa: kabla ya kuyalaumu maziwa, kagueni chupa. Mtoto amepoteza kinga aliyokuwa akiipata kwenye maziwa ya mama wakati huo huo anaanza kutumia vyombo. Maziwa mabichi yachemshwe, na yaliyokaa nje zaidi ya saa mbili yamwagwe. Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 za ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) baada ya kila choo cha maji, pamoja na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14.

Ambao hamjaanza kuachisha ziwa, badilisheni nyonyesho moja kila baada ya siku tatu hadi tano, mkianza na la mchana na kumalizia na la usiku. Akikataa ladha, changanya robo ya maziwa ya ng'ombe na robo tatu ya yako uliyokamua, kisha nusu kwa nusu baada ya siku mbili au tatu.

Na wewe, mama, ukitaka kumrudishia ziwa la asubuhi na la usiku, mrudishie. Wiki mbili si nyingi, maziwa huweza kurudi akinyonya, na Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Ukiamua kuacha moja kwa moja na matiti bado yanajaa, kamua kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu.