Jibu la testi liandike kwa mkono, programu uiendeshe baadaye

Usifanye hivyo! Umeuliza utumie pytest au unittest (zana za Python za kuandikia testi, yaani vipande vya programu vinavyokagua kama programu yako inatoa jibu sahihi), na hifadhidata uiigize vipi, lakini mimi nimekwama hapo ulipoandika kwamba kila hatua ya mfumo wenu wa takwimu za samaki huko Lamu utaiendesha kwanza, unakili ilichotoa, na hicho ndicho kiwe jibu sahihi la testi. Hiyo ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani.

Sisi hapa Malindi tulifundishwa hivyohivyo na mkufunzi aliyelipwa vizuri. Data yetu ni ya madaftari ya wavuvi: tarehe, aina ya samaki, kilo. Hatua ya pili ilisoma tarehe kwa pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali, na pandas usipoiambia dayfirst=True (siku kwanza) huanza na mwezi, kama Wamarekani. 04/11/2021, yaani tarehe 4 Novemba, ikawa 11 Aprili. 25/11 ikabaki Novemba, maana hakuna mwezi wa 25, na matoleo ya pandas ya kabla ya 2.0 yaliweza kuugeuza mstari mmoja na kuuacha mwingine, kazi ikaendelea. Testi zote kijani, yaani zimepita! Jumla ya kilo za mwaka nayo sahihi, kwa sababu samaki hawakupotea, walihama miezi tu. Wa msimu wa kaskazi wakahesabiwa msimu wa kusi. Ripoti ilipowafikia wavuvi, mzee mmoja akauliza siku hizo nani alitoka na mashua, au ni majini waliovua? Baada ya hapo kuletewa daftari ikawa ni kubembeleza. Yule mkufunzi hajawahi kufungua hata daftari moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndugu yangu, chukua mistari michache kutoka daftari la kweli, ile mibaya: siku iliyo chini ya 13 na iliyo juu yake, kilo zilizoachwa wazi, jina la samaki "changu" na "Changu" yenye nafasi mbele. Usisahau saa. Nahodha akiandika saa 1 asubuhi, anamaanisha 07:00. Andika majibu yote kwa kalamu kabla hujaigusa programu, halafu ipe kila hatua mistari hiyo peke yake. Matokeo yakipishana na karatasi, usiibadilishe karatasi mpaka umemuuliza aliyeandika daftari.