Askari kumlilia mwandishi?

SWALI: Habari mhariri. Marehemu babu alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, na ukimtajia waandishi wa habari alikuwa anasonya tu. Sasa nimesoma eti wanajeshi wa Marekani walimwekea mwandishi mmoja, Ernie Pyle, mnara. Kwani alifanya nini? – Msomaji, Bahati, Nakuru

JIBU: Babu hakukosea sana, wengi waliandika vita wakiwa wamekaa na majenerali. Huyu Pyle alilala kwenye matope na askari wa miguu, akaandika jina la kijana na mtaa anakotoka, mama yake nyumbani akifungua gazeti anamwona. Tena ndiye aliwapigia debe wa mstari wa mbele waongezwe mshahara, na mwaka wa 1944 bunge lao likapitisha dola 10 kwa mwezi, na dola ya wakati huo si hii ya leo. Aprili 18, 1945 risasi za Wajapani zikampata kisiwani Ie Shima, karibu na Okinawa, na divisheni ya 77 ya jeshi la Marekani ikaandika kwenye mnara pale kwamba hapo ndipo ilipompoteza rafiki. Rafiki, si mwandishi mashuhuri! Baadaye maveterani wakawa wanarudi hapo kumkumbuka.

Sasa wetu wa KAR nani aliwaandika hivyo? Kama babu aliacha barua ama picha, toa hizo vitu kwa sanduku kabla panya hazijafika.