Tezi gatini, omo baharini: maswali yenu ya mwezi huu

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, zimepita, simu yangu imejaa. Nimechagua maswali yanayohusu kufunga chombo kinyumenyume, tezi (nyuma ya chombo) kwenye gati na omo (mbele yake) kuelekea baharini, maana ndiko wengi wenu mnakovunja vitu.

Assalaam aleikum Nahodha. Boti yangu ni ya mita 10. Nikiiweka tezi kwa gati pale Malindi, nanga niitupe mbali kiasi gani? Wenzangu wanatupa karibu tu na boti zinakaa. (Unguja Mjini)

Waaleikum salaam. Zinakaa kwa sababu upepo bado haujazifikia. Swali hili nililijibu Ramadhani, nikalijibu Mfunguo Tatu, na leo nalijibu tena. Liandike kwa rangi ya mafuta hapo pembeni ya usukani.

Anza na kina. Tuseme pale unapotupa nanga, maji yakiwa yamekupwa ni mita 5. Bamvua la Unguja linaongeza karibu mita 4. Omo yako iko mita 1 juu ya maji. Jumla 10. Kama amari yako, ile inayounganisha nanga na boti, ni mnyororo mtupu, toa mara nne ya hiyo: mita 40. Ongeza mita 10 za boti yenyewe, kwa kuwa nanga iko mbele na gati liko nyuma. Utatupa mita 50 kutoka gatini, yaani boti tano kama yako zikipangwa omo kwa tezi. Ikiwa amari ni kamba yenye kipande cha mnyororo cha mita 3, hesabu ya mara nne haikuhusu. Wewe unatakiwa mara saba, na kwenye bandari iliyojaa hakuna atakayekuachia mita 70. Nunua mnyororo. Nimeona boti za watalii zina spika mbili kubwa kama makabati na mnyororo wa kufungia mbuzi.

Nanga hushika inapovutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu, inang'oka. Na kamba za gatini hazikushiki kama unavyodhani. Hizo zinakuzuia usiende mbele. Kinachokuzuia usirudi nyuma ukabomoa usukani na propela kwenye zege ni nanga peke yake. Kwa hiyo kabla hujarusha kamba yoyote, rudi nyuma kwa mashine, taratibu, mpaka amari ikaze, kisha iwekee kiganja. Ikitetemeka, nanga inaburura. Ikitulia, imeshika. Wenzako hawafanyi hivyo. Kusi likivuma mji unawakinga na nanga mbovu haijulikani. Kaskazi ikianza kuingiza mawimbi upande ule ndipo utawaona wanakimbia na taulo kiunoni.

Kamba za tezi nizifunge kwa fundo gani? (Watu sita wameuliza)

Lile unaloweza kulifungua gizani.

Nahodha, nilifunga boti saa za maji kujaa, nikalala. Alfajiri nakuta vyuma vya kufungia kamba vimeng'oka pamoja na ubao. Kamba zilikuwa mpya kabisa. Fundi aliniibia misumari? (Mkoani)

Fundi hana kosa. Boti yako ilitundikwa.

Mimi niliwahi kuamshwa saa nane usiku na mlio kama mtu anayevunja mlango. Nikatoka na tochi. Mashua ya jirani ilikuwa inaning'inia kwa kamba zake mbili, tezi juu hewani, omo majini, na sufuria ya wali uliobaki ilikuwa inateleza polepole juu ya sitaha kuelekea mbele, kifuniko kikiitangulia. Mabaharia watatu walikuwa bado wamelala, wamejikusanya upande mmoja kama magunia. Tulikata kamba moja kwa panga. Nyingine ilikuwa imekaza mno, hakuna aliyethubutu kuikaribia. Kamba iliyokaza namna ile ikikatika inaweza kukuvunja mkono.

Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanashuka kidogo, unajidanganya kwamba mambo shwari. Saa ya tatu na ya nne, bamvua likiwa la mita 4, yanakwenda kiasi cha mita nzima kila saa. Ndio wakati uliokuwa unakoroma.

Dawa si kulegeza kamba ovyo, kwa sababu ukizilegeza maji yakiwa yamejaa, boti inazurura na kugonga za jirani. Dawa ni urefu. Chukua kamba inayokwenda mita 3 tu hadi gatini: maji yakishuka mita 4 inataka nyongeza ya mita 2. Kamba inayokwenda mita 10 haitaki hata mita 1. Basi kaa mbali kidogo na gati, pishanisha kamba zako, ya kushoto iende nguzo ya kulia na ya kulia iende kushoto, ushuke kwa hori, kile kidau kidogo. Usiku wa bamvua mtu mmoja akeshe. Mkigombana nani akeshe, akeshe mwenye boti.

Boti yangu ina mashine ya ndani. Nikipiga rivasi, tezi inakwenda kushoto hata nikigeuza usukani. Fundi anasema usukani ubadilishwe. (Tanga)

Usimpe hata shilingi. Propela inayozunguka kulia ukienda mbele, ukirudi nyuma inausukuma mkia kushoto, ndivyo ilivyo. Anza kurudi ukiwa umeuelekeza mkia kulia kidogo ya nafasi yako, boti ijinyooshe yenyewe.

Mie niko Lamu. Mbona huku tezi-kwa-gati inatushinda?

Kwa sababu mkondo kati ya Lamu na Manda unapita mbele ya mji, nao unakupiga ubavuni. Ukitupa nanga upande unakotoka mkondo unapata nafuu, halafu baada ya saa sita hivi mkondo unageuka na nanga yako iko upande usiofaa. Ungeweza kutupa mbili, moja kila upande, lakini kwenye msongamano ule utatega boti zote za wenzako. Maoni yangu, na najua watanichukia: pakia, pakua, ondoka ukatie nanga nje. Ukuta wa mji si maegesho.

Kendwa tunaweka tezi ufukweni ili wageni wapande kwa ngazi. Mashine tuiache inaunguruma boti isiyumbe? (Nungwi)

Hapana. Hapana tena. Mgeni yuko majini mpaka kiunoni, mkono mmoja ana viatu, mwingine ana simu, na propela iko hatua moja kutoka magotini kwake. Zima, inua mashine, baharia mmoja ashuke aishike boti. Asitumie mguu wake kuzuia boti isigonge nyingine. Tairi kuukuu zipo bure.

Nahodha, mimi kijana wa Mombasa, niko baharia kwenye yoti Ugiriki. Huku kila mtu anafunga tezi, na kila asubuhi nanga zimepandana. Kapteni anataka nipige mbizi. (Hydra)

Huko maji kupwa na kujaa ni kama hakuna, ndiyo maana wanaweza kulala wote. Na kabandari hako kanajulikana kwa nanga kupandana. Kupiga mbizi iwe mwisho. Inua nanga yako mpaka mnyororo wa mwenzako utokee juu ya maji. Pitisha kamba chini ya huo mnyororo, ncha zote mbili zibaki kwenye boti, uzifunge. Sasa shusha nanga yako, itajinasua. Ivute kando, ndipo uachie ncha moja ya kamba. Vidole viwe mbali na mnyororo muda wote, hata kapteni akipiga kelele.

Jirani yangu anatupa nanga juu ya yangu kila siku. Naweza kuikata amari yake? (Bagamoyo)

Ukiikata boti yake itakuja juu ya yako. Nenda kwake asubuhi na hori lako, umwonyeshe nanga yako ilipolala, uifungie dumu la mafuta kwa kamba nyembamba ili lielee juu yake. Ukimkuta anakunywa kahawa, kaa, kunywa kwanza.