Lebo inamiliki nini, na mchapishaji wa muziki anamiliki nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwimbaji chipukizi na nyimbo zangu hutunga mwenyewe, isipokuwa viitikio, ambavyo mara nyingi hunitungia rafiki yangu. Lebo moja, yaani kampuni ya kurekodi muziki, imeniletea mkataba. Kifungu cha nne kinasema itamiliki masta. Cha tisa kinasema nitaikabidhi pia nusu ya haki za uchapishaji. Nilidhani uchapishaji ni wa vitabu. Naomba ufafanuzi kabla sijatia saini.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu vifungu hivyo vinahusu mali mbili tofauti. Maneno na melodi uliyotunga ni mali hata kabla hujaingia studio. Huo ndio utunzi, na anayeusimamia ni mchapishaji wa muziki, jina lililobaki tangu enzi ambazo biashara hiyo ilikuwa kuuza nyimbo zilizochapwa kwa noti kwenye karatasi. Ukisharekodi inazaliwa mali ya pili, yaani ile sauti iliyorekodiwa, ambayo ndiyo masta, na kwa kawaida huchukuliwa na lebo iliyogharamia studio na matangazo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inazitenganisha hata kwa jina: mtunzi ana hakimiliki, ilhali mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki.

Mfano ulio wazi kuliko yote naujua kutoka Marekani. Mwaka 1974 Dolly Parton alitoa wimbo wake "I Will Always Love You", na Elvis Presley akataka kuurekodi, lakini meneja wa Elvis akadai kwanza nusu ya haki za uchapishaji. Dolly alikataa, ingawa amesimulia mwenyewe kwamba alilia kwa kuikosa nafasi hiyo. Mwaka 1992 Whitney Houston akaurekodi upya, ukavuma duniani kote. Masta hiyo haikuwa ya Dolly, wala sauti yake haimo ndani, lakini utunzi ulikuwa wake. Na kwa kuwa redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji tu, si mwimbaji wala lebo, kila ulipopigwa redioni mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa wimbo, ilikwenda kwake. Nusu aliyoombwa Dolly ndiyo unayoombwa wewe katika kifungu cha tisa.

Sisemi kwamba wachapishaji ni wabaya. Mchapishaji mzuri husajili nyimbo, hufuatilia mirabaha ya nje ya nchi ambayo mtunzi peke yake hawezi kuifikia, na huzitafutia nafasi katika filamu na matangazo ya biashara, ambako mwenye masta na mwenye utunzi wote wawili lazima watoe ruhusa. Basi iulize lebo hiyo: ni nani ofisini kwao atakayeifanya kazi hiyo, na kwa miaka mingapi? Wasipokuwa na jibu, omba kifungu cha tisa kiondolewe. Cha nne kinaweza kujadiliwa peke yake.

Kuhusu rafiki yako, aliyetunga kiitikio ni mtunzi mwenzako, kwa hiyo huwezi kukabidhi fungu lake bila ridhaa yake. Kaeni pamoja, muandike kwa kila wimbo nani alitunga nini na kwa asilimia ngapi, mtie saini wote wawili, kisha mkazisajili nyimbo hizo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujarudi kwa lebo hiyo.